Kushindania kutua wa kwanza kwenye Kerbal Space Program: jinsi ya kujipanga, kushuka na kuthibitisha

Wakuu, hii ni ya wale mnaocheza Kerbal Space Program (KSP), gemu la kompyuta la kujenga na kurusha roketi, kwenye grupu lenye orodha ya nani katua wapi kwanza, wa kwanza Mun, wa kwanza Duna, wa kwanza Tylo (hayo ni majina ya sayari na miezi ya ndani ya gemu), na kila raundi mpya ikianza mnaanza wote na sevu tupu, yaani faili jipya la mchezo, alafu kila mtu anapambana jina lake likae juu. Napenda hili shindano kuliko kitu kingine chochote kwenye hili gemu, na nimekaa pande zote mbili, ya wanaorusha na ya wanaokagua, kwahiyo nasema nilichokiona: wengi wanaokosa nafasi ya kwanza wanajua kurusha vizuri tu, kinachowaangusha ni kwamba walikimbia kwa saa isiyohesabiwa, au walifika kweli kabla ya wenzao ila hawana cha kuonyesha.

Kabla hujaunganisha hata tenki moja, uliza sheria ya kutua ni ipi. Usidhani inajulikana. Hata kwenye anga halisi haijawahi kuwa kitu chepesi, Luna 2 ya Wasovieti iliugonga Mwezi Septemba 1959 ikawa chombo cha kwanza kuufikia, lakini cha kwanza kushuka kikiwa kizima na kutuma picha ni Luna 9, tarehe 3 Februari 1966, na zote mbili ziko kwenye vitabu kila moja na sifa yake. Kule Mars, Mars 2 ilijibamiza tarehe 27 Novemba 1971, Mars 3 ikatua tarehe 2 Desemba mwaka huohuo ikarusha signali sekunde chache tu ikanyamaza, na bado inahesabiwa. Odysseus ya Februari 2024 ilitua Mwezini ikalala ubavu. Sasa grupu lenu linasemaje? Chombo kikianguka ubavu lakini kapsuli nzima, kinahesabika? Kikivunjika miguu yote na kerbal, yaani mwanaanga wa gemu, akatoka mzima? Mwezi wa Laythe karibu wote ni bahari, ukidondoka majini gemu linaandika umetua majini, sio umetua nchi kavu, je hiyo ni kutua? Na kama sheria inasema kutua na kurudi, hapo ni mchezo mwingine kabisa, maana sayari ya Eve kwa mfano kushuka ni rahisi, parachuti na ngao ya joto zinatosha, ila kupanda kutoka usawa wa bahari kule unahitaji kama 8,000 m/s za delta-v (jumla ya badiliko la mwendo ambalo mafuta yako yanaweza kukupa) kwenye hewa nzito mara 5 ya Kerbin, sayari mnayoanzia.

Kuna moja inasahaulika sana, nayo ni kudunda. Philae, chombo cha anga, ilipogusa ile nyota-mkia 67P tarehe 12 Novemba 2014 haikushika, ikaruka tena juu na kuelea karibu masaa mawili ndo ikatulia mahali pengine. Kwenye KSP hii utaikuta kwenye miezi midogo ya Gilly na Minmus kila siku. Kwahiyo muulize refa mapema, muda unaoandikwa ni wa mguso wa kwanza au wa kutulia? Mimi natetea wa kutulia, kwasababu huo ndo gemu lenyewe linautambua na huo ndo unaweza kuukagua kwenye faili, lakini chochote mtakachokubaliana kiandikwe kabla ya raundi, sio baada ya watu wawili kufika.

Sasa twende kwenye saa, maana hapa ndo mashindano yanaposhindwa na watu hawajui hata wameshindwa wapi.

Kuna saa mbili zinazotumika. Kuna saa ya ukutani, yaani nani kaleta ushahidi kwanza katika maisha ya kawaida, na kuna saa ya dunia ya gemu, ile ya mwaka wa 1 siku ya 1 inayoanza kwenye sevu mpya. Mbinu za hizi mbili zinapingana. Kwenye saa ya ukutani, safari yenyewe ni bure. Ukikimbiza muda kwa mara 100,000, mwaka mzima wa Kerbin wenye siku 426 (siku moja kule ni masaa 6) unapita kwa kama dakika moja na nusu, na safari ya Duna ya karibu siku 300 za Kerbin inaisha kwa dakika moja na ushee. Yaani kwa saa ya ukutani Duna haiko mbali kihivyo. Muda wako wote unaliwa kwenye kujenga, kwenye kupanda angani ambako hewani huwezi kuzidi mara 4, na kwenye zile dakika za mwisho za kushuka. Kwahiyo anayetaka kushinda kwa saa ya ukutani anaingia na chombo ambacho ameshakijenga na kukijaribu mara nyingi kwenye sevu ya mazoezi, kama sheria inaruhusu analeta faili la chombo, kama hairuhusu basi mikono yake inajua kipi kinafuata kipi bila kufikiri.

Kwenye saa ya gemu ni kinyume, unaweza kukaa wiki nzima unachora, hakuna anayekuhesabia, ila kila siku inayopita ndani ya sevu inakula nafasi yako. Hapa ndo unatakiwa kununua muda kwa mafuta. Chukulia Mun. Iko kilomita 12,000 kutoka katikati ya Kerbin, na njia ya kubana mafuta kutoka obiti ya kilomita 80 inakula kama 860 m/s na kama masaa 7 na nusu. Ukiongeza chini ya 100 m/s hapo unapoondoka, ukatoka kwa mwendo wa kuponyoka Kerbin kabisa, hesabu inakupa kama masaa 3 na kidogo tu. Zaidi ya nusu ya muda imeondoka! Bei yake utailipa mwisho, utafika kwa kasi zaidi, na ukishuka moja kwa moja bila kuingia obiti utahitaji kama 270 m/s zaidi za kusimama. Jumla ni chini ya 400 m/s za ziada, na hiyo kwa chombo kidogo ni tenki moja dogo. Nashangaa watu bado wanashindania Mun kwa saa ya gemu huku wanapita njia ya uchumi, wakiingia obiti ya Mun wanaizunguka kwanza wanatafuta sehemu nzuri, kila mzunguko ni muda umeugawa bure kwa mpinzani.

Kwa sayari za mbali saa ya gemu inatawaliwa na dirisha, yaani kipindi ambacho sayari zimekaa kwa pembe inayofaa kuondoka. Duna inatakiwa iwe mbele ya Kerbin kwa kama digrii 44, Jool mbele kwa kama 97, Eve nyuma kwa kama 54. Na madirisha hayaji mara kwa mara, la Duna linajirudia kila miaka 2 na kidogo ya Kerbin, la Eve kama kila siku 680, la Jool kama kila siku 467, la Moho kila siku 135 hivi. Ukilikosa la Duna kwasababu roketi yako haikuwa tayari, raundi yako ya Duna imeisha, usijidanganye. Kwahiyo kitu cha kwanza kabisa kwenye sevu mpya ni kupanga kengele za madirisha, toleo la 1.12 limekuja na kengele zake ndani ya gemu pamoja na kifaa cha kupanga safari, huhitaji modi (nyongeza za gemu zinazotengenezwa na watu wengine). Alafu ujue kwamba dirisha sio sekunde moja. Ukiwa na delta-v ya akiba unaweza kuondoka siku nyingi kabla na ukafika kabla ya yule aliyesubiri pembe iliyo sawasawa, na hapo ndo watu wanaiba nafasi za kwanza mchana kweupe.

Kuhusu kuchagua wapi pa kushindania. Grupu zima litakimbilia Mun, na hapo utapambana na watu wenye mikono mepesi kuliko yako. Minmus iko mbali zaidi, kilomita 47,000, ila kutua ni rahisi zaidi kuliko Mun, mvutano wake ni wa asilimia 5 tu ya Kerbin na ina zile tambarare kubwa zilizo usawa wa mita sifuri ambapo huwezi hata ukitaka kukosa sehemu ya kusimama. Kutoka obiti ya Kerbin mpaka chini, Minmus inakula kama 1,270 m/s na Mun kama 1,750. Kwa saa ya ukutani Minmus ni dili, kwa saa ya gemu ni karibu siku 9 za Kerbin kwa njia ya uchumi, lakini hata huko unaweza kununua muda. Kumbuka tu obiti yake imeinama digrii 6, rekebisha njiani.

Lakini mimi ningemshauri mtu mpya aangalie zile sayari na miezi ambazo hakuna anayezitazama. Dres. Bop na Pol. Ike, ambayo kila mtu anaipita akikimbilia Duna. Vall. Hizi hazina hewa, mvutano mdogo, na mara nyingi zinakaa wazi kwenye orodha muda mrefu kwasababu wote wako bize na majina makubwa. Alafu kuna nafasi za ndani ya nafasi, wa kwanza kwa chombo kisicho na mtu, wa kwanza mwenye kerbal, wa kwanza kwenye ncha, wa kwanza upande usioonekana. Waulize wenye orodha kama wanazitambua. Upande wa nyuma wa Mun una mtego wake, chombo kisicho na mtu kikipoteza mawasiliano kinakuwa kigumu kukiongoza, mpaka uwe umeweka satelaiti ya kurusha signali kwanza, kama walivyofanya Wachina na Queqiao kabla Chang'e 4 haijatua upande ule tarehe 3 Januari 2019. Ukimpandisha kerbal mwenye urubani, tatizo hilo linaisha.

Na modi za sayari mpya, jamani, hapo kuna utajiri. Mkiweka Outer Planets Mod mnapata Sarnus, Urlum, Neidon na Plock pamoja na miezi yake, Eeloo inahamia kwa Sarnus, na ghafla mazoea ya kila mtu hayana kazi, hakuna anayekumbuka kichwani namba za Tekto au Thatmo. Wote mnaanza sawa. Anayesoma maelezo ya sayari pale kwenye kituo cha ufuatiliaji kabla ya kujenga, mvutano kiasi gani, hewa ipo au hakuna, inaanzia kimo gani, ndo anashinda.

Chombo chenyewe: kidogo, kifupi, kipana. Sina mengi hapo. Kama sheria inasema kutua tu, usibebe mafuta ya kurudi, usibebe vifaa vya sayansi, usibebe kerbal watatu. Injini ya Terrier ina nguvu ya kN 60 na inabana mafuta vizuri nje ya hewa, kwa Mun, Minmus, Ike na Dres inatosha kabisa. Ugumu uko Tylo, ule mwezi una mvutano karibu asilimia 80 ya Kerbin na hauna hewa hata kidogo ya kukupunguza, kushuka tu ni zaidi ya 2,200 m/s, na Terrier moja kule haitakiwi kubeba zaidi ya kama tani 4 wakati wa mwisho ili ibaki na nguvu mara mbili ya uzito. Pima kabla, ukiwa unajenga gemu linakuonyesha delta-v ya kila steji, yaani kila kipande cha roketi kinachoachana na kingine, na unaweza kuchagua ihesabu kwa mvutano wa sayari unayoenda. Wengi hawaigusi hiyo sehemu, wanaangalia namba za Kerbin wanaridhika.

Kushuka sasa. Kwenye sayari isiyo na hewa, njia ya haraka na ya kubana mafuta ni ileile, unawasha injini kwa kuchelewa, nguvu zote, kinyume na mwendo wako wa ardhini, usimame ukiwa karibu na chini. Kuchelewa kwenyewe kunapigiwa hesabu, sio kwa roho. Chukua kasi yako, izidishe kwa yenyewe, gawanya kwa mara mbili ya tofauti kati ya nguvu ya injini na mvutano. Mfano Mun, unashuka wima kwa 200 m/s, injini inakupa 8 m/s kila sekunde, mvutano wa Mun ni 1.63, tofauti ni 6.37, kwahiyo 40,000 gawanya kwa 12.74, unapata kama mita 3,140. Ongeza akiba, washa kwenye 3,500 kutoka ardhini. Nasema kutoka ardhini kwasababu kipimo cha juu ya skrini kikiwa kwenye hali ya kawaida kinasoma kutoka usawa wa bahari, na Mun ina milima ya kilomita kadhaa, ukiwa juu ya mlima unasoma 5,000 na ardhi iko hapohapo chini ya miguu. Kibadilishe kisome kimo kutoka ardhini. Hakikisha pia ule mpira wa mwelekeo uko kwenye hali ya ardhi sio ya obiti, la sivyo unasimamisha kitu ambacho sicho na unatua huku unateleza pembeni.

Kuteleza pembeni ndo kunapindua vyombo vingi kuliko kasi ya kushuka. Ukishuka kwa 4 m/s wima miguu inavumilia, ukishuka kwa 1 m/s huku unaenda pembeni kwa 3 kwenye mteremko, unapinduka. Mita 100 za mwisho sahau haraka, ua mwendo wa pembeni kwanza. Gilly ni kesi yake peke yake, mvutano pale ni mdogo kiasi kwamba ukiachia kutoka kilomita 1 unachukua zaidi ya dakika 3 kufika chini, kwahiyo kwa saa ya ukutani wenye haraka wanajisukuma chini kwa vijinjini vidogo vya pembeni, alafu wakigusa wanaendelea kujisukuma chini mpaka kitulie kisidunde. Duna ina hewa lakini nyembamba sana, parachuti peke yake zinakuacha unashuka kwa kasi mbaya, weka parachuti chache na sekunde mbili tatu za injini mwishoni, hiyo mchanganyiko ni nyepesi kuliko kubeba parachuti za kutosha zenyewe.

Haya, umetua. Usishangilie kwanza.

Piga skrinshoti kwa F1 papo hapo, usifiche maandishi ya skrini, maana picha nzuri bila namba haimsaidii refa. Ile saa ya juu kushoto ibonyeze ionyeshe muda wa dunia ya gemu, kisha piga nyingine ikionyesha muda wa safari. Fungua F3, hapo kuna kumbukumbu ya safari nzima, lini umeruka, steji zipi zimeachana, piga na hiyo. Alafu sevu kwa jina jipya, usitegemee sevu ya haraka ya F5 kwasababu utaifuta mwenyewe dakika tano baadaye. Faili la sevu la KSP ni maandishi ya kawaida, refa akilifungua anakuta chombo chako kimeandikwa sit = LANDED pamoja na sayari kilipo, akiliingiza kwenye gemu lake lenye modi zilezile anakiona kimekaa pale pale. Kwahiyo tuma na orodha ya modi, kukiwa na kipande ambacho yeye hana chombo hakitafunguka.

Skrinshoti peke yake haitoshi kwa mashindano ya maana, na hili nawaomba wenye magrupu mlisimamie. Kila mtu anajua Alt na F12 zinafungua menyu ambayo unaweza kuwekwa kwenye obiti yoyote au kuwa na mafuta yasiyoisha. Njia nzuri niliyoiona ni hii: raundi ikianza admini anatoa neno la siri, na mwenye kerbal akitua anasimamisha bendera na kuandika lile neno kwenye kibao chake. Bendera inabaki ndani ya sevu, kwahiyo inajulikana ilisimamishwa baada ya raundi kuanza, sio kutua kwa zamani. Kwenye kariya, ile hali ya kucheza yenye pesa na majengo ya kuboresha, ujue lazima uwe umeboresha jengo la wanaanga kwanza ndo kerbal atoke na kusimamisha bendera kwenye sayari nyingine, panga pesa za hilo mapema. Kwa vyombo visivyo na mtu, neno liwekwe kwenye jina la chombo kabla ya kuruka. Na kama una uwezo rekodi video kuanzia kuruka mpaka kutulia, au walau kuanzia ulipoingia kwenye mvutano wa sayari, hiyo inafunga mdomo wa ubishi wote.

Sevu za kurudia nazo zinahitaji sheria yake. Kuna magrupu yanaruhusu F9 (kurudi kwenye sevu ya haraka), mengine hayaruhusu kabisa, na kwa mimi kutua bila kurudia ni orodha tofauti inayostahili kuheshimiwa zaidi, zisichanganywe. Vilevile MechJeb na kOS, modi za kuendesha chombo kwa kompyuta, anayetua kwa programu aliyoiandika mwenyewe amefanya kazi kubwa ya halali, ila asiwekwe safu moja na anayeshuka kwa mkono.

Ukiwa tayari na vyote, tuma dai lako kwa ujumbe mmoja wenye kila kitu, mahali, muda wa gemu, picha, faili, orodha ya modi, kama ulirudia au hukurudia. Usitume kipande kipande. Kukitokea wawili mmefika ndani ya siku ileile ya gemu, mlinganishe kwa muda wa dunia ya gemu mpaka sekunde, upo ndani ya faili, na kama mwenzako kakutangulia, hata kwa sekunde 10, futa dai lako mwenyewe kabla refa hajakuambia, kisha angalia kalenda, dirisha la Jool huenda liko karibu na pale kuna miezi mitano inayoizunguka ya kutua.